Mtoto wa ughaibuni anapopelekwa kwa bibi Tanga

Mwezi wa Desemba jua la London huzama kabla ya saa 10 jioni, na mchana kutwa joto mara nyingi halifiki nyuzi 10. Wakati huohuo Tanga na Dar es Salaam upepo wa kaskazi umeshaanza, mchana ni nyuzi 31 au 32, na usiku joto halishuki sana chini ya nyuzi 25. Kila mwisho wa mwaka familia nyingi za Kitanzania zinazoishi Uingereza, Skandinavia na Marekani hufunga safari kutoka baridi ile hadi joto hili, na wengi wamebeba mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu.

Mtoto huyo huitwa mwenyeji kabla hajafika. Amepewa jina la babu yake, picha zake zimejaa kwenye simu za shangazi zake, na bibi ameshanunua kanga za kumpokelea. Mwili wake, hata hivyo, hauijui Tanga. Haujawahi kulala usiku mzima ukitoka jasho. Haujawahi kukutana na mbu wa malaria. Wazazi husema "tunakwenda nyumbani", na mtu anayekwenda nyumbani hana kawaida ya kujiandaa kama mgeni. Hapo ndipo safari nyingi zinapoharibika.

Uingereza, sehemu kubwa ya watu wanaogundulika na malaria baada ya safari ni waliokwenda Afrika kutembelea ndugu zao. Mtalii anayekwenda Serengeti hupita kliniki na kumeza dawa kwa sababu anaogopa. Anayekwenda Chumbageni au Muheza hukumbuka kwamba yeye mwenyewe aliugua malaria utotoni mara nyingi na akapona. Anachosahau ni kwamba kinga ile ya utotoni hupungua mtu akikaa miaka nje, na kwamba mtoto aliyezaliwa ughaibuni hana kabisa.

Kuchagua mwezi

Wazazi wenye watoto wa shule hawana hiari sana. Ni Desemba au Julai na Agosti. Mwenye mtoto mdogo peke yake ana uhuru ambao hautarudi tena. Pwani ya Tanzania huwa na joto kali kuanzia Desemba hadi Machi. Machi hadi Mei ni masika, barabara za vijijini huwa na tope na mbu huongezeka. Kuanzia Juni upepo wa kusi huvuma, usiku huwa na ubaridi kidogo, na mtoto hulala bila kulia. Juni, kabla shule za Ulaya hazijafungwa, nauli pia huwa na nafuu kuliko Krismasi.

Umri nao una hesabu yake. Kwa kawaida mashirika ya ndege humpakata mtoto aliye chini ya miaka miwili kwa sehemu ndogo ya nauli, bila kumpa kiti. Akitimiza miaka miwili lazima akatiwe kiti chake. Mtoto anayeondoka akiwa na mwaka mmoja na miezi kumi na moja, kisha akafikisha miaka miwili akiwa Tanga, atahitaji kiti wakati wa kurudi. Ni vizuri jambo hilo lijulikane siku ya kukata tiketi kuliko kwenye kaunta ya uwanja wa ndege.

Makaratasi ya mtu mdogo

Viza haiangalii jina la ukoo. Mtoto anayesafiri kwa pasipoti ya Uingereza au Marekani anahitaji viza yake mwenyewe ya Tanzania, hata kama ana miezi minane na wazazi wake wote wawili wana pasipoti za Tanzania. Maombi hufanywa kwa mtandao, na pasipoti inatakiwa iwe na uhai wa angalau miezi sita. Pasipoti ya mtoto wa Kiingereza hudumu miaka 5 tu, kwa hiyo ile iliyotolewa wiki chache baada ya kuzaliwa inaweza kuwa inakaribia mwisho familia inapopanga safari ya pili.

Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto hufanya vyema kubeba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa kutoka kwa mzazi mwenzake, hasa kama jina la ukoo la mtoto si lake. Si kila afisa ataiuliza, lakini atakayeiuliza hatakubali maelezo ya mdomo.

Familia zinazopanga kuvuka hadi Unguja zikumbuke kwamba tangu Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni wenye pasipoti za nje wawe na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar.

Jambo linalosahaulika zaidi ni cheti cha homa ya manjano. Anayetoka London moja kwa moja kupitia Doha au Istanbul haulizwi. Lakini Tanzania hukitaka cheti hicho kwa msafiri mwenye zaidi ya mwaka mmoja anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, au aliyekaa kwenye uwanja wa nchi hiyo kwa zaidi ya saa 12. Kenya na Ethiopia zimo katika orodha. Familia itakayoshukia Nairobi, ikakaa siku mbili kwa mjomba, kisha ikaja Tanga kwa basi kupitia Horohoro, inahitaji vyeti, pamoja na cha mtoto. Chanjo hiyo huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo haisaidii kuifuata wiki ya safari.

Kliniki kwanza, masanduku baadaye

Wiki sita hadi nane kabla ya safari ndio muda wa kwenda kliniki. Muuguzi ataangalia kadi ya mtoto na kuona kilichopungua. Chanjo ya surua inaweza kuwahishwa kwa mtoto mwenye miezi sita na kuendelea kama anakwenda sehemu yenye ugonjwa. Chanjo ya homa ya ini aina ya A hutolewa kuanzia mwaka mmoja, na sindano ya homa ya matumbo kwa kawaida kuanzia miaka miwili. BCG, ambayo Tanzania kila mtoto hupata anapozaliwa, Uingereza hupewa baadhi tu, wakiwemo wale ambao wazazi au babu na bibi zao walizaliwa nchi zenye kifua kikuu kingi. Wazazi wengi Watanzania hudhani mtoto wao ameshaipata. Kadi ndiyo itasema.

Kisha inakuja malaria. Dawa ya kinga kwa mtoto hupimwa kwa kilo zake, kwa hiyo apimwe uzito karibu na siku ya safari. Ipo dawa inayomezwa kila siku, ikianza siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la malaria na kuendelea siku 7 baada ya kutoka. Ipo inayomezwa mara moja kwa wiki, ikianza wiki mbili au tatu kabla na kuendelea wiki 4 baada ya kurudi. Nyingine hazifai kabisa kwa watoto wadogo. Daktari ndiye anayechagua, na mfamasia ndiye wa kueleza kama kidonge kinaweza kusagwa na kuchanganywa na chakula kidogo, maana dawa hizi ni chungu na mtoto wa miaka miwili anajua kutema.

Mara nyingi ndugu aliye Tanga husema dawa zisinunuliwe huko kwa bei ghali kwa sababu maduka ya dawa yamejaa mjini. Ni kweli yamejaa, na dawa mseto inapatikana. Lakini dawa mseto ni ya kumtibu aliyekwisha kuugua. Haimkingi mtu asiugue. Kinga inabidi iwe imeanza ndege ikiwa bado haijaruka.

Ndani ya ndege

Hakuna ndege ya British Airways kutoka London hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2013, na familia nyingi hupitia Amsterdam, Istanbul, Doha, Dubai au Addis Ababa. Kwa njia ya Doha ni karibu saa saba, kisha kusubiri, kisha karibu saa sita nyingine. Muda wa kusubiri ndio wa kuchunguza kwa makini. Saa moja na nusu ni fupi mno kwa mtu mwenye mtoto na mkoba wa nepi, na saa tisa ni adhabu. Saa tatu humwezesha mtoto kukimbia kidogo, kula na kubadilishwa.

Maziwa, uji wa mtoto na maji yake haviingii katika sheria ya mililita 100 kwenye viwanja vya Uingereza, ila maafisa wanaweza kuvifungua na kuvikagua. Mkoba wa mkononi ubebe nepi za safari nzima na akiba ya siku moja, nguo mbili za mtoto, na blauzi au shati moja la mzazi, kwa sababu anayetapikiwa ni yule aliyempakata. Dawa zote zikae humo. Sanduku likichelewa Doha, dawa ya malaria isichelewe nalo.

Ndege inapoanza kushuka, mtoto anyonye, anywe au atafune kitu ili masikio yasimuume. Wakati huo pia ndio wa kumvua koti na soksi za sufu. Kuna watoto wengi wanaotoka Jengo la Tatu la uwanja wa Julius Nyerere wakiwa wamevaa kama wako kituo cha treni cha Leicester, wakilia, na jamaa waliokuja kupokea wakidhani mtoto anaogopa watu.

Kuhusu mifuko: Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Nepi chafu na nguo zilizoloa ziwekwe kwenye mfuko wa kitambaa usiopitisha maji, na mifuko ya dukani ibaki nyumbani.

Joto na saa zilizosogea

Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na wa mtoto mdogo hupata moto haraka kuliko wa mtu mzima. Siku tatu za mwanzo zisiwe na harusi, wala ziara ya Pangani, wala kupelekwa kila nyumba kuonyeshwa. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni mtoto akae kivulini. Mafuta ya kujikinga na jua yanamhusu hata mtoto mweusi, na kama atapakwa na dawa ya mbu pia, mafuta ya jua hutangulia.

Dalili za kuishiwa maji zinapaswa kujulikana na kila anayemlea: nepi kukaa kavu kwa saa nyingi, mdomo mkavu, kulia bila machozi, kulegea. Kwa mdogo ambaye utosi haujafunga, utosi kubonyea. Pakiti za ORS zipo kila duka la dawa na huchanganywa na maji safi na salama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi lita moja. Mtoto anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi kuliko kawaida.

Tofauti ya saa kati ya London na Tanga wakati wa baridi ni tatu tu, nayo ina mtego wake. Mtoto aliyezoea kulala saa 1 usiku London atakuwa macho hadi saa 4 usiku Tanga. Watu wazima hufurahi: ameamka, yuko barazani, anacheza na binamu zake kwenye upepo. Lakini mbu wa malaria huuma kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri. Kwa hiyo mtoto anayebaki nje kwa sababu usingizi wake bado uko Ulaya anahitaji suruali ndefu nyepesi, shati la mikono mirefu na dawa ya mbu ya kupaka inayofaa umri wake. Kumwamsha mapema na kumtoa kwenye mwanga wa saa 1 asubuhi, wakati jua bado ni rafiki, humrudisha kwenye saa za Tanga ndani ya siku chache. Kwa anayetoka Minneapolis tofauti ni saa 9, na usiku wake ndio mchana wa huku. Atahitaji wiki moja au zaidi.

Mchana nao una mbu wake. Mbu wa dengi huuma mchana, na Dar es Salaam imewahi kupata milipuko, ukiwemo wa mwaka 2014 na wa 2019.

Mazungumzo na bibi

Maandalizi yaliyo bora hufanyika kwa simu, wiki kadhaa kabla. Bibi aulizwe chumba gani kitatumika, kama feni inafanya kazi, kama chandarua kina dawa na hakijatoboka, kama kinafika chini ya godoro pande zote. Mwana au mkwe anayeuliza haya kwa adabu hamkosei mzee. Anampa kazi, na bibi hupenda kuwa na kazi.

Bibi ana elimu ambayo kliniki ya Leicester haina. Anajua mtoto wa pwani huogeshwa mara mbili au tatu kwa siku, kwamba mchana kanga moja inamtosha, kwamba vipele vya joto hupungua mwili ukipoozwa na kukaushwa vizuri. Anajua uji, ndizi na dafu. Wazazi wakimsikiliza hapo, naye huwa mwepesi kusikiliza pengine.

Na pengine ni lazima kuongea mapema. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali. Mtoto anayekohoa asipelekwe kukatwa kimeo, desturi ambayo bado ipo na ambayo husababisha watoto kutoka damu nyingi na kupata maambukizi. Maji yachemshwe, hata kama binamu zake wote wanakunywa ya bomba bila shida. Mzazi anayeyasema haya akiwa bado Ulaya, kwa sauti ya kuomba, "Mama, naomba tusaidiane," hafanani na anayeyasema mbele ya wageni akiwa ameshika kikombe.

Nyumba yenyewe itazamwe kwa macho ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Ughaibuni jiko liko juu, na moto hauonekani. Kwa bibi jiko la mkaa liko chini, uani, usawa wa mkono wake. Mafuta ya taa yanaweza kuwa kwenye chupa ya soda. Ndoo ya maji ya kuogea ina kina cha kutosha kumzamisha mtoto aliyeinama na kuanguka kichwa mbele. Binamu zake wamekua na vitu hivi na wanavijua. Yeye ataviona vitu vya kuchezea. Mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, awe zamu ya kumwangalia. Nyumba yenye watu kumi na wawili ndiyo ambayo kila mmoja hudhani mwenzake anamwona.

Mbwa na paka wa mtaani wasishikwe. Akiumwa au kukwaruzwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Barabara ya Segera

Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni takriban kilomita 350, kupitia Chalinze, Segera na Muheza. Ni safari ya nusu siku, na teksi au gari la ndugu mara nyingi halina kiti cha mtoto. Mashirika mengi ya ndege hubeba kiti hicho bila malipo, kwa hiyo hakuna sababu ya kukiacha London. Familia iondoke alfajiri, na ikisimama Segera kula, mtoto ashuke na watu wote. Gari lililoegeshwa juani hugeuka tanuri kwa dakika chache, hata vioo vikiwa wazi kidogo.

Wanaoendelea hadi Lushoto wakumbuke sweta. Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mtoto aliyefungashiwa fulana tupu kwa sababu "Tanzania ni joto" atatetemeka usiku. Malaria ni kidogo milimani kuliko tambarare, lakini njia ya kupanda hupitia Korogwe na Mombo, na dawa isikatizwe kwa ajili ya wiki moja ya ubaridi.

Homa baada ya kurudi

Mtoto akipata homa akiwa Tanga, apimwe malaria siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka huchukua kama robo saa, na majibu yasibadilishwe na maneno ya kwamba ni meno tu au uchovu wa safari. Kwa mtoto asiye na kinga, hali inaweza kugeuka mbaya ndani ya siku moja au mbili.

Hatari kubwa zaidi ni homa inayokuja baada ya kurudi, wakati masanduku yameshafunguliwa na mtoto amesharudi kwa mlezi wake. Homa za baridi zimejaa, daktari ana foleni ndefu, na mtoto mwenye joto la nyuzi 39 mwezi Januari huonekana kama watoto wengine wote. Mzazi ndiye mwenye taarifa ambayo daktari hana. Aiseme kwanza, kabla ya mambo mengine: mtoto huyu ametoka Tanzania, apimwe malaria leo. Aina hatari zaidi ya malaria hujitokeza mara nyingi ndani ya miezi mitatu, ingawa inaweza kuchelewa zaidi, na homa yoyote ndani ya mwaka mzima baada ya safari istahili swali hilo.

Kwa hiyo tarehe mbili ziandikwe kwenye kalenda ya jikoni kabla ya kuondoka: siku ya dozi ya mwisho ya dawa, na siku miezi mitatu itakapotimia. Mlezi wa mtoto aonyeshwe pia. Bibi atapiga simu jioni ya kwanza kuuliza kama wamefika salama, naye ajulishwe tarehe hizo, maana yeye ndiye ambaye hatasahau kuuliza.